Chanjo ya Wote kwa Kingamwili za Nani? Utafiti wa Chanjo Jumuishi ya Homa ya Mafua na Nafasi ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Chanjo zinazotumika sasa dhidi ya homa ya mafua hulenga sehemu ya virusi inayobadilika haraka kuliko nyingine zote, na kwa sababu hiyo hulazimika kupitiwa upya kila mwaka. Tangu mwaka 1993 watafiti wamekuwa wakibaini kingamwili zinazoshika sehemu za virusi zisizobadilika kwa urahisi, na ugunduzi huo ndio msingi wa matumaini ya kupata chanjo jumuishi, yaani chanjo moja inayokinga dhidi ya aina nyingi za virusi hivyo kwa muda mrefu. Makala haya yanaeleza namna kingamwili hizo zinavyofanya kazi, hatua zilizofikiwa katika kuzigeuza kuwa chanjo, na vikwazo vilivyojitokeza. Hoja kuu ni kwamba ujumla wa chanjo una vipimo vitatu: aina za virusi, muda wa kinga, na watu wanaokingwa. Vipimo viwili vya mwanzo vimefafanuliwa na kujadiliwa kwa kina. Cha tatu kimechukuliwa kuwa jambo litakalojitokeza lenyewe. Ushahidi uliopo, ukiwemo uliokusanywa Uganda, Tanzania na Rwanda, unaonyesha kwamba dhana hiyo si salama. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watafiti na washauri wa sera wa eneo letu.

Maneno muhimu: kingamwili, homa ya mafua, chanjo jumuishi, hemaglutinini, sera ya chanjo, Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kwamba homa ya mafua ya msimu huwapata kwa ukali watu kati ya milioni 3 na milioni 5 kila mwaka, na kwamba watu kati ya 290,000 na 650,000 hufariki kutokana na maradhi ya mfumo wa upumuaji yanayoletwa nayo. Makadirio haya ni ya miaka ya kawaida. Janga la mwaka 1918 linakadiriwa kuua watu wapatao milioni 50, na dunia imeshuhudia majanga mengine ya homa hiyo mwaka 1957, 1968 na 2009.

Ni vyema kufafanua istilahi mapema. Katika mazungumzo ya kila siku, neno mafua hutumiwa kwa makamasi na kikohozi chepesi kinacholetwa na virusi vya namna nyingi. Makala haya yanatumia homa ya mafua kwa maradhi yanayosababishwa na virusi vya familia moja tu, ambavyo vilitenganishwa kwa mara ya kwanza kutoka kwa binadamu jijini London mwaka 1933 na Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw. Mkanganyiko wa majina haya una madhara ya kisera: maradhi yanayoitwa kwa jina la makamasi ni vigumu kupewa fungu katika bajeti ya afya. Isitoshe, mgonjwa wa homa ya mafua katika zahanati zetu mara nyingi huandikwa kuwa ana nimonia au hutibiwa malaria, kwa kuwa vipimo vya kuitambua homa hiyo havipatikani hapo.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: chanjo inayotafutwa kwa jina la watu wote inajengwa juu ya kingamwili za watu gani?

2. Kwa nini chanjo hubadilishwa kila mwaka

Virusi vya homa ya mafua vya aina A vimezungukwa na protini mbili zinazochomoza nje kama miiba. Ya kwanza ni hemaglutinini, ambayo hujishikiza kwenye sukari zilizo juu ya seli za njia ya hewa na kuviwezesha virusi kuingia ndani. Ya pili ni nyuraminidesi, ambayo hukata sukari hizo ili virusi vipya viachane na seli iliyovizalisha na kusambaa. Virusi hupewa majina kwa protini hizi: H1N1, H3N2, H5N1 na kadhalika. Kwa ndege pekee zimetambuliwa zaidi ya aina 15 za hemaglutinini na aina 9 za nyuraminidesi.

Hemaglutinini ina sehemu mbili ambazo ni muhimu kwa mjadala huu: kichwa na shina. Kichwa ndicho kinachoshika seli. Shina hubeba kichwa na, baada ya virusi kumezwa na seli, hubadili umbo lake na kuunganisha utando wa virusi na ule wa seli ili vinasaba vya virusi viingie. Mfumo wa kinga wa binadamu hukiona kichwa kwanza, na kingamwili nyingi zinazotengenezwa baada ya maambukizi au chanjo hulenga kichwa. Kingamwili hizo hukinga vizuri mradi kichwa hakijabadilika.

Tatizo ni kwamba kichwa hubadilika. Kimeng'enya kinachonakili vinasaba vya virusi hivi hakina uwezo wa kusahihisha makosa ya unakili, na kichwa huweza kuyavumilia makosa mengi bila kupoteza kazi yake. Mabadiliko haya ya polepole ndiyo yanayofanya kingamwili za mwaka juzi zishindwe kukishika kichwa cha mwaka huu. Zaidi ya hayo, vinasaba vya virusi vimegawanyika katika vipande 8. Seli moja ya nguruwe au ndege ikiambukizwa na virusi vya aina mbili kwa pamoja, vipande huweza kuchanganyika na kuzaa virusi vyenye hemaglutinini ngeni kabisa. Haya ni mabadiliko ya ghafla, na ndiyo yaliyoleta janga la mwaka 1957 na la mwaka 1968.

Ili kukabiliana na mabadiliko ya polepole, WHO hukutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya majira ya baridi ya kaskazini na Septemba kwa ajili ya yale ya kusini, kuchagua virusi vitakavyowekwa katika chanjo. Uzalishaji, ambao kwa sehemu kubwa bado hutegemea mayai ya kuku, huchukua takribani miezi sita, na virusi havisubiri. Katika msimu wa 2014–2015 nchini Marekani, virusi vya H3N2 vilivyoenea havikulingana na vile vya chanjo, na ufanisi wa chanjo ulikadiriwa kuwa asilimia 19 tu. Hata katika miaka mizuri ufanisi huo huwa kati ya asilimia 40 na 60.

Kwa nchi zilizo karibu na Ikweta kuna ugumu wa ziada. Ratiba hii ya mara mbili kwa mwaka imejengwa juu ya majira ya baridi, ilhali kwetu homa ya mafua huzunguka mwaka mzima na huweza kuwa na vilele zaidi ya kimoja. Mwaka 2016 kamati ya kitaifa ya ushauri wa kitaalamu kuhusu chanjo nchini Kenya ilipendekeza chanjo hii itolewe kwa watoto wa miezi 6 hadi 23. Pendekezo la namna hiyo linapofika kwenye utekelezaji hukutana na maswali magumu: itumike chanjo ya kaskazini au ya kusini? Itolewe mwezi gani? Nani atagharimia kuirudia kila mwaka katika mfumo uliozoea chanjo za utotoni zinazokamilishwa kwa dozi chache? Kwa mantiki hii, nchi zisizo na majira ya baridi zina sababu nzito kuliko nyingine za kutaka chanjo jumuishi.

3. Kingamwili zinazoshika shina

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kila kingamwili ya homa ya mafua ni mateka wa aina moja ya virusi. Mwaka 1993 watafiti wa Japani waliripoti kingamwili ya panya, C179, iliyozuia virusi vya H1 na vile vya H2 kwa pamoja. Kingamwili hiyo haikukishika kichwa bali shina. Ugunduzi huo ulipita bila kishindo kikubwa, kwa kuwa haikujulikana iwapo binadamu naye hutengeneza kingamwili za namna hiyo.

Jibu lilipatikana miaka 15 baadaye. Mwaka 2008 na 2009 makundi mawili ya watafiti, moja likiwa na makao Uholanzi na California na jingine Boston, yalieleza kingamwili za binadamu zilizopewa majina CR6261 na F10. Picha za kimuundo zilionyesha kwamba zote mbili hujipenyeza katika mfereji mdogo ulio kwenye shina na kulizuia lisibadili umbo. Virusi humezwa na seli lakini vinasaba vyake haviwezi kutoka. Mwaka 2011 kundi lililoongozwa na Antonio Lanzavecchia huko Bellinzona, Uswisi, lilitangaza kingamwili FI6, iliyoweza kutambua hemaglutinini zote 16 za aina A zilizopimwa. Mwaka uliofuata ilielezwa CR9114, ambayo hushika shina la virusi vya aina A na la aina B. Mwaka 2019 ikaongezwa 1G01, iliyotoka kwa mgonjwa wa H3N2 nchini Marekani. Hii hujipachika ndani ya nyuraminidesi, mahali pale pale inapofanyia kazi ya kukata sukari, na iliwakinga panya dhidi ya virusi vya aina A na B.

Sababu ya uthabiti wa shina inaeleweka. Shina ni mtambo unaopaswa kujikunja kwa namna moja maalumu, na mabadiliko mengi ya asidi amino zake hulemaza mtambo huo. Virusi vinavyojaribu kujificha kwa kulibadili shina mara nyingi hujidhuru vyenyewe.

Kama kingamwili hizi zipo miongoni mwa binadamu, kwa nini basi tunaugua kila mara? Sababu ya kwanza ni mahali: shina limekaa chini, karibu na utando wa virusi, katika msongamano wa miiba, na kulifikia ni vigumu. Sababu ya pili ni ushindani: seli B zinazotambua kichwa ni nyingi na hupata ushindi mapema, kwa hiyo zile za shina hubaki chache. Tukio la mwaka 2009 lilidhihirisha jambo hili. Virusi vya H1N1 vya janga hilo vilikuwa na kichwa kigeni kwa watu wengi, lakini shina lake lilifanana na la H1N1 za awali. Watafiti waliochunguza wagonjwa walikuta kingamwili za shina kwa wingi usio wa kawaida. Kumbukumbu ya kichwa ilipokosa cha kushika, kumbukumbu ya shina ilipata nafasi.

4. Kumbukumbu ya maambukizi ya kwanza

Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani Thomas Francis alieleza kwamba maambukizi ya kwanza ya utotoni huacha alama isiyofutika katika kinga: mtu akikutana baadaye na virusi vilivyobadilika, mwili hurejea kwanza katika kingamwili za virusi vile vya utotoni. Aliiita hali hii kwa jina la kiteolojia, dhambi ya asili ya antijeni. Jina hilo linaonyesha hasara peke yake, ilhali utafiti wa baadaye umeonyesha pia faida.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha umri wa wagonjwa wa homa ya mafua ya ndege aina ya H5N1 na H7N9. Ilibainika kwamba waliozaliwa kabla ya mwaka 1968, ambao utotoni walikutana na H1 au H2, walipatwa kwa nadra zaidi na H5N1 kali. Waliozaliwa baada ya mwaka huo, ambao wengi wao walianza na H3, walikuwa na nafuu dhidi ya H7N9. Maelezo yake yamo katika ukoo wa virusi: H1, H2 na H5 zina mashina yanayofanana, na H3 na H7 nazo ni za kundi jingine lenye mashina ya karibu. Mwaka wa kuzaliwa, kwa maneno mengine, ni sehemu ya historia ya kinga ya mtu.

Matokeo haya yana uzito kwetu kwa namna mbili. Kwanza, yanathibitisha kwamba kinga pana inaweza kupatikana kwa binadamu katika mazingira halisi, nje ya maabara. Pili, yanaonyesha kwamba chanjo moja haitakutana na mwili mtupu. Itakutana na kumbukumbu, na kumbukumbu hizo hutofautiana kwa kizazi na kwa mahali. Mtoto wa Kampala, Bujumbura au Bukavu anayeishi mahali ambapo virusi huzunguka mwaka mzima huenda akakutana navyo kwa mpangilio usiofanana na ule wa mtoto wa Chicago, ambaye hukutana navyo majira ya baridi.

5. Kutoka kingamwili hadi chanjo

Njia zilizojaribiwa zinaweza kupangwa katika makundi manne.

Njia ya kwanza ni kumpa mtu kingamwili iliyo tayari. Hapa matokeo yamekuwa ya kukatisha tamaa. CR6261 ilipotolewa kwa watu waliojitolea kuambukizwa H1N1 chini ya uangalizi, haikupunguza virusi walivyotoa. Kingamwili nyingine ya shina, VIR-2482, ilishindwa mwaka 2023 kufikia lengo la jaribio la awamu ya pili la kuzuia homa ya mafua ya aina A. Somo ni kwamba kingamwili inayong'ara katika chupa na kwa panya haina hakika ya kuikinga njia ya hewa ya binadamu.

Njia ya pili ni kuuelekeza mfumo wa kinga kwenye shina. Watafiti wa hospitali ya Mount Sinai jijini New York, wakiongozwa na Peter Palese na Florian Krammer, walitengeneza hemaglutinini za mchanganyiko: shina ni lile lile la H1, lakini kichwa hubadilishwa katika kila dozi kwa kutumia vichwa vya virusi vya ndege ambavyo binadamu hajawahi kukutana navyo. Ni kuiga kwa makusudi kilichotokea mwaka 2009. Matokeo ya awamu ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha ongezeko la kingamwili za shina zilizodumu zaidi ya mwaka. Taasisi ya taifa ya Marekani ya mzio na maradhi ya kuambukiza, NIAID, ilichagua kukiondoa kichwa kabisa na kulipachika shina juu ya chembe ndogo mno za protini. Jaribio la kwanza la chanjo hiyo kwa binadamu lilianza mwaka 2019, na matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kuwa ni salama na kwamba huamsha kingamwili pana dhidi ya virusi vya kundi la H1.

Njia ya tatu ni kulenga protini nyingine. Kikosi cha Walter Fiers huko Ghent, Ubelgiji, kilionyesha mwaka 1999 kwamba kipande kidogo cha nje cha protini M2, ambacho karibu hakibadiliki, kinaweza kuwakinga panya. Chanjo nyingine, M-001 ya Israel, iliyounganisha vipande kadhaa visivyobadilika, ilifika hadi awamu ya tatu ikiwa na washiriki zaidi ya 12,000 na ikashindwa mwaka 2020 kuonyesha kinga.

Njia ya nne ni ya wingi: badala ya kutafuta eneo moja la pamoja, kuufundisha mwili aina zote. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha chanjo ya mRNA iliyobeba hemaglutinini 20 kwa pamoja. Iliwakinga panya, na pia ferreti, mnyama jamii ya kicheche anayetumika sana katika utafiti wa homa ya mafua, dhidi ya vifo, hata pale virusi vilipotofautiana na vile vya chanjo. Chanjo hiyo haikuyazuia maambukizi yenyewe.

Kutokana na safari hii, matarajio yamepunguzwa kwa busara. Mpango wa NIAID wa mwaka 2018 uliweka vigezo vinne: ufanisi wa angalau asilimia 75 dhidi ya ugonjwa wenye dalili, kinga dhidi ya makundi yote mawili ya aina A, kinga inayodumu angalau mwaka mmoja, na kufaa kwa watu wa rika zote. Vigezo vitatu vya mwanzo vinaweza kupimwa kwa tarakimu. Cha nne kinataja rika. Hakitaji mahali, mazingira wala nasaba.

6. Kipimo cha tatu: watu

Je, kuna sababu ya kudhani kwamba chanjo jumuishi itafanya kazi kwa namna moja kila mahali? Ushahidi wa aina mbili unatutaka tuwe waangalifu.

Aina ya kwanza ni ya jeni. Kingamwili nyingi za shina, zikiwemo CR6261, F10 na CR9114, hujengwa kutoka katika jeni moja iitwayo IGHV1-69. Jeni hii ina sura mbalimbali miongoni mwa watu. Baadhi ya sura zake huweka asidi amino ya fenilalanini mahali pa 54, na huyo ndiye anayeingia katika mfereji wa shina kama ufunguo katika kitasa. Sura nyingine huweka lusini mahali hapo, na kwa kawaida hazizai kingamwili za namna hiyo kwa urahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mgawanyo wa sura hizi hutofautiana baina ya jamii za watu wa asili tofauti, na kwamba wenye sura ya lusini pekee hutegemea zaidi jeni nyingine. Hili halimaanishi kwamba watu wa eneo fulani hawataweza kukingwa. Linamaanisha kwamba njia ya kuifikia kinga inaweza kutofautiana, na kwamba chanjo inayosanifiwa kwa ajili ya njia moja huenda ikawaacha wengine.

Utafiti wa Virusi vya UKIMWI unatoa mfano ulio wazi. Chanjo ya majaribio iliyokusudiwa kuamsha seli B za jeni ya IGHV1-2 ilitolewa kwa watu 36 nchini Marekani, na 35 kati yao waliitikia. Yule mmoja hakuwa na sura ya jeni inayohitajika. Jaribio lililofuata, la chanjo hiyo kwa teknolojia ya mRNA, lilifanyika Kigali na Afrika Kusini, na washiriki wengi mno waliitikia vyema. Kwa hiyo hofu ya kwamba Waafrika wangeachwa nje haikuthibitika katika mfano huo. Lakini hilo limejulikana kwa sababu moja tu: jaribio lilifanyika hapa, mapema, kabla ya usanifu kukamilika.

Aina ya pili ya ushahidi ni ya mazingira. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watu waliopewa chanjo ya homa ya manjano Entebbe, Uganda, na wengine Lausanne, Uswisi. Mfumo wa kinga wa washiriki wa Entebbe ulikuwa tayari katika hali ya mwamko kabla ya chanjo, na mwitikio wao kwa chanjo ulikuwa hafifu kuliko wa wenzao. Huko Bagamoyo, Tanzania, majaribio ya chanjo ya malaria ya PfSPZ, yaliyoripotiwa mwaka 2018, yalionyesha viwango vya kingamwili vilivyo chini kuliko vya Wamarekani waliopewa chanjo hiyo hiyo. Sababu zinazochunguzwa ni pamoja na mzigo wa maambukizi ya mara kwa mara, hasa malaria, ambayo hubadili hali ya seli B za kumbukumbu.

Chanjo za shina hutegemea kuziamsha seli B chache zilizo dhaifu katika ushindani. Ni busara kuuliza iwapo seli hizo zitaamka kwa kiwango kile kile katika mwili ulio katika mwamko wa kudumu. Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kuchunguza damu ya wakazi wa New York au Seattle. Kulisubiri hadi awamu ya tatu ni kuchelewa, kwa kuwa wakati huo dozi, umbo na idadi ya chanjo huwa vimeshaamuliwa.

7. Mapendekezo kwa eneo letu

Inaweza kupingwa kwamba eneo lenye mzigo wa malaria, kifua kikuu na UKIMWI halina nafasi ya kushughulikia homa ya mafua. Pingamizi hilo lina uzito, na mapendekezo yanayofuata yamechaguliwa kwa kuwa yanatumia miundombinu iliyopo na kunufaisha utafiti wa chanjo nyingine.

Kwanza, ufuatiliaji wa watoto tangu kuzaliwa. Mataifa yetu yana maeneo ya utafiti ambayo tayari hufuatilia familia kwa miaka mingi. Kuongeza sampuli za damu zinazohifadhiwa kwa mpangilio kutawezesha kujua ni virusi gani humfikia mtoto kwanza na huacha kumbukumbu ya namna gani.

Pili, ramani ya jeni za kingamwili. Kazi hii hufanywa mara moja na matokeo yake hutumika kwa chanjo za homa ya mafua, UKIMWI na malaria kwa pamoja. Ni gharama ndogo ukilinganisha na gharama ya jaribio moja la awamu ya tatu linaloshindwa. Sampuli na takwimu zake zihifadhiwe ndani ya eneo, chini ya makubaliano yanayozipa taasisi zetu haki ya kuamua matumizi yake.

Tatu, majaribio ya awamu ya kwanza. Washauri wa sera wanapojadiliana na wafadhili wa kimataifa wasikubali eneo letu lialikwe mwishoni tu, kama mahali pa kupata idadi kubwa ya washiriki. Uzoefu wa Kigali umeonyesha kwamba jaribio dogo na la mapema linawezekana.

Nne, uchunguzi wa wanyama. Januari 2017 Uganda ilithibitisha virusi vya H5N8 kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria na kwa ndege wa kufugwa. Tangu Machi 2024 H5N1 imethibitishwa kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Ndege wahamao hawaombi viza mipakani, na maziwa yetu ni vituo vyao. Wizara za afya na za mifugo zinapaswa kubadilishana takwimu kwa wakati, na maabara za kitaifa za virusi za nchi jirani zipeane mpangilio wa vinasaba bila kusubiri mlipuko.

Tano, uzalishaji. Umoja wa Afrika umejiwekea lengo la kuzalisha barani asilimia 60 ya chanjo zinazohitajika ifikapo mwaka 2040. Mwaka 2022 Kenya ilitajwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea teknolojia ya mRNA kutoka kitovu cha WHO cha Afrika Kusini, na mwezi Desemba 2023 kituo cha mRNA cha BioNTech kilizinduliwa Kigali. Kiwanda cha chanjo huishi kwa kazi ya kila mwaka. Homa ya mafua, ambayo hadi sasa inahitaji chanjo ya kila mwaka, ni mojawapo ya bidhaa chache zinazoweza kukiweka kiwanda katika kazi ya kudumu kati ya janga moja na jingine. Mikataba itazame pia siku ambayo chanjo jumuishi itapunguza mahitaji hayo.

Sita, lugha. Ridhaa ya mshiriki wa utafiti haina maana ikiwa hakielewi anachoridhia. Fomu zinazotofautisha mafua na homa ya mafua, zinazoeleza kingamwili ni nini na kwa nini damu inahifadhiwa kwa miaka, zinapaswa kuandikwa kwa Kiswahili tangu awali na kujaribiwa kwa wananchi wenyewe. Vyama vya Kiswahili na vyuo vikuu vya nchi zetu vina uwezo wa kuandaa istilahi sanifu zitakazotumika kuvuka mipaka, ili mshiriki wa Goma na wa Kigoma wasomewe jambo moja.

8. Hitimisho

Utafiti wa kingamwili umebadili swali la homa ya mafua. Zamani ilionekana kwamba virusi vina sura nyingi mno kiasi cha kutowezekana kukingwa kwa chanjo moja. Sasa inajulikana kwamba vina sehemu zisizobadilika kwa urahisi, kwamba mwili wa binadamu unazifahamu, na kwamba kazi iliyobaki ni kuuongoza mwili uzilenge kwa nguvu na kwa muda wa kutosha. Kushindwa kwa M-001 na kwa VIR-2482 kunaonya kwamba umbali kati ya ugunduzi na kinga bado ni mrefu.

Makala haya yameonyesha kwamba katika umbali huo kuna hatua ambayo haiwezi kupigwa na wengine kwa niaba yetu. Jeni za kingamwili, kumbukumbu za maambukizi ya utotoni na hali ya mfumo wa kinga hutofautiana kwa mahali, na chanjo haiwezi kuitwa ya wote kabla ya kupimwa kwa hao wote. Nchi ambazo homa ya mafua huzunguka mwaka mzima ndizo zenye haja kubwa zaidi ya chanjo jumuishi. Zikiingia katika utafiti mapema, zitasaidia kuamua dozi, muundo na ratiba yake. Zikisubiri, zitaletewa chanjo iliyosanifiwa kwa miili ya watu wengine, na zitaanza kuuliza maswali haya haya ikiwa tayari imeshanunuliwa.